Nijaze katriji au ninunue mpya? Jibu kwa mwenye steshenari

Swali: Shikamoo mzee. Nina steshenari ndogo Morogoro, karibu na geti la shule ya sekondari. Nina printa mbili: HP DeskJet 2135 inayotumia katriji za 652, hiyo ni ya CV na kazi za rangi, na LaserJet P1102 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, hiyo ni ya mitihani na notsi. Katriji mpya zinanila faida yote. Fundi alinijazia 652 nyeusi, ikachapa vizuri siku mbili tatu halafu ikagoma kabisa, karatasi inatoka nyeupe. Tona ya 85A imeshajazwa mara nyingi, sasa karatasi inatoka na ukungu wa kijivu na kidoa kinachojirudia. Watu wananiambia kujaza kunaua mashine na kunafuta waranti. Niache kujaza? Na kuna kijana anapita kununua katriji tupu pamoja na maboksi yake, nimuuzie?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo karatasi nyeupe. Usiache kujaza. Kinachotakiwa ni kubadilisha namna unavyojaziwa na wakati unaojaza, na baadhi ya kazi uziondoe kabisa kwenye hiyo DeskJet.

Wengi huichukulia katriji kama chupa: imeisha, mimina nyingine. Ingekuwa chupa tu, mimi na mafundi wenzangu tungekuwa tunauza wino kwa lita na maneno yangekwisha. Ndani ya katriji zako zote mbili kuna kifaa kinachochakaa. Kwenye 652 ni kichwa cha kuchapia, kwenye 85A ni dramu. Wino na tona ni sehemu ya bei nafuu ya ile pesa unayolipa dukani. Kwa hiyo fundi akikuambia "wino wangu ni mzuri", muulize kichwa kina hali gani, au dramu imeshapiga mizunguko mingapi. Asipokuwa na jibu, mshukuru uondoke.

Tuanze na 652. Igeuze uitazame chini. Utaona kibamba chembamba chenye mistari ya matundu madogo mno, jicho halitofautishi tundu na tundu. Nyuma ya kila tundu kuna rezista ndogo sana. Umeme ukiipita, inapanda hadi joto la karibu nyuzi 300 kwa muda wa sehemu chache tu za milioni za sekunde. Wino ulioigusa unachemka, kiputo kinavimba, tone linarushwa kwenye karatasi, kiputo kinanywea, wino mwingine unaingia. Wazo hili lilipatikana kwa Canon mwaka 1977, pasi ya kulehemu yenye moto ilipogusa sindano ya bomba lenye wino na wino ukaruka nje. HP nao wakatoa ThinkJet yao mwaka 1984, na hadi leo DeskJet yako inafanya kazi kwa msingi uleule.

Kwenye hadithi hiyo kuna jambo linalokuhusu moja kwa moja. Wino ndio unaoipoza ile rezista. Ukiisha na wewe ukaendelea kuchapa, rezista inawaka bila kitu cha kuchemsha, kama sufuria tupu lililosahauliwa jikoni. Inaungua. Ukishaona maandishi yamefifia ukasema "ngoja nimalizie hizi kurasa ishirini za mteja", hizo kurasa ishirini ndizo zinazoua kichwa. Baadaye fundi anajaza, matundu machache yaliyosalia yanachapa siku mbili tatu, kisha nayo yanakwisha. Lawama anabeba wino wa kujaza, ambao pengine hauna hatia.

HP wanaihesabia 652 nyeusi kurasa 360 hivi, na ya rangi 200. Hesabu hiyo inafuata kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, ambacho kurasa zake za majaribio zina wino kiasi, si picha iliyojaa. CV yenye picha ya pasipoti na mstari wa rangi juu hula zaidi. Basi usisubiri karatasi ikuambie. Andika tarehe uliyoweka katriji, kadiria kurasa, na ukifika kama mia mbili na hamsini jaza, hata kama bado inachapa vizuri. Katriji inayojazwa mapema hukubali mara tatu, nne, hata tano. Inayojazwa ikiwa kavu huna hakika nayo hata mara moja.

Kabla hujaitupa hiyo iliyogoma, ipime. Tafuta maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo asidi. Ukikosea hapo umeharibu kichwa na vidole vyako. Yapashe vuguvugu, loanisha tishu iliyokunjwa mara kadhaa, weka juu ya sahani, kisha simamisha katriji juu yake, kibamba kikiangalia chini, kwa dakika tano hivi. Inyanyue. Tishu ikiwa imechora ukanda mweusi uliokolea, matundu yako wazi na wino unashuka. Futa vile vijishaba vya mbele kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowekwa kidogo kwa maji hayohayo, rudisha kwenye mashine na ujaribu. Ikitoa karatasi nyeupe tena, umeme ndio uliokufa na hakuna dawa. Nunua nyingine. Lakini tishu ikibaki safi, au ikachora nukta tu, kuna mgando au hewa imeziba njia, na hilo linatibika: rudia tishu ya uvuguvugu mara kadhaa, iache usiku imesimama juu ya tishu yenye unyevu, ndani ya kopo lililofunikwa. Nyingi hurudi.

Sasa kujaza kwenyewe, ili ujue fundi anafanya nini au ufanye mwenyewe. Bandua lebo ya juu pole pole usiichane, utairudisha. Chini yake kuna vishimo. Kwenye nyeusi unatumia kimoja. Ndani kuna sponji. Sindano ishuke hadi karibu na chini, kisha sukuma wino taratibu mno, huku ukiivuta sindano juu kidogo kidogo. Ukisukuma kwa haraka hewa inanaswa kwenye sponji, na hewa hiyo ndiyo itakayoziba njia keshokutwa. Katriji hiyo ikiwa mpya ina mililita 6 tu. Iliyobakiwa na wino kidogo haihitaji zaidi ya mililita 3 au 4. Ukiona wino unachungulia kwenye kishimo, simama, vuta kidogo urudi nyuma. Iliyojazwa kupita kiasi hudondosha wino ndani ya mashine, unakauka kwenye reli, na siku hiyo ndipo maneno ya "kujaza kunaua printa" yanapokuwa kweli.

Ya rangi ina vyumba vitatu, na kosa la kawaida ni kuweka bluu kwenye chumba cha njano. Mpangilio haufanani kwa kila modeli, kwa hiyo usiamini picha uliyotumiwa na mtu. Chukua kijiti cheupe cha meno, kichovye kwenye kila kishimo, ukitoe uone rangi. Kijiti kipya kwa kila kishimo. Fundi anayejaza ya rangi bila kuchovya kijiti anabahatisha, na rangi zikichanganyika kwenye sponji hazitenganishwi tena.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wateja wako wanapoumia. Wino mweusi wa 652 uliotoka kiwandani ni wa chembe: rangi yake ni unga laini uliotawanywa kwenye maji. Ukikauka hukaa juu ya karatasi na hausambai ovyo ukilowa. Wino wa rangi tatu ni wa kuyeyuka, unaingia ndani ya karatasi, unang'aa kwenye picha, lakini ukipata maji unakimbia. Zile chupa za wino wa "printa zote" zinazouzwa kila mahali, mara nyingi hata nyeusi yake ni ya kuyeyuka. Fundi akikujazia huo kwenye nyeusi, utachapa na hutaona tofauti dukani. Tofauti ataiona kijana aliyebeba barua ya maombi ya kazi chini ya manyunyu ya masika, jina lake likiwa limegeuka wingu la zambarau. Kinyume chake nacho ni kibaya: wino wa chembe ukiingia kwenye katriji ya rangi, matundu yake membamba huziba. Kwa hiyo unaponunua chupa, taja katriji yako kwa namba, uliza nyeusi ni ya aina gani, na ukifika nyumbani chapa mstari mmoja, usubiri ukauke, udondoshee tone la maji. Dakika moja inatosha kujua umeuziwa nini.

Baada ya kujaza, mashine itakuambia wino umeisha, au kwamba katriji imeshatumika. Bonyeza ukubali, iendelee. Haioni wino; inahesabu matone iliyorusha, na haina habari kwamba umeongeza. Kwenye 2135 onyo hilo halizuii kuchapa. Ndiyo maana nakuambia uwe na daftari lako la kurasa.

Kuna ugomvi mwingine unaohusu chipu, kile kipande kidogo cha kielektroniki kinachoitambulisha katriji kwa mashine, nao uujue kabla hujanunua mashine nyingine. Tarehe 13 Septemba 2016 watu wengi wenye printa za HP aina ya OfficeJet Pro duniani waliamka wakakuta mashine zao zinakataa katriji za viwanda vingine zilizokuwa zikifanya kazi vizuri. HP walikuwa wameweka ulinzi kwenye programu ya ndani ya mashine. Kelele zilikuwa kubwa, kampuni ikaomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja na ikatoa toleo la kuondoa kizuizi kwenye mashine zile, lakini utaratibu wenyewe haukuachwa. Kauli yao ni kwamba mashine hizo zinakubali katriji zenye chipu ya HP, mpya au iliyotumika tena. Kwa lugha ya dukani: katriji ya HP uliyojaza mwenyewe ina nafasi nzuri ya kukubaliwa, ila ile iliyotengenezwa upya na kiwanda kingine kwa chipu yake inaweza kukataliwa siku yoyote programu ikijisasisha. Kama mashine yako inaunganishwa na intaneti na inachapa vizuri, zima kujisasisha kwenyewe.

Na ndugu wa Ulaya au Marekani wakitaka kukuletea printa, wasome jina lake kwanza. Modeli za HP zinazoishia na herufi "e", kama DeskJet 2720e, zikiwashwa kwa mpango wa HP+ zinabanwa kwenye wino wa HP na zinataka intaneti. Katriji za mpango wa kulipia kwa mwezi nazo hukoma siku malipo yanapokoma, hata zikiwa zimejaa. Ya Marekani ina lake: DeskJet 2755 ya kule inatumia katriji namba 67, na mwenzake 2720 wa Ulaya anatumia 305. Zinafanana kwa sura, hazikubaliani. Zawadi ya namna hiyo huishia kabatini.

Jambo la mwisho la DeskJet: izime kwa kitufe chake, usizime ukutani. Kwa kitufe, kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake cha mpira na hakikauki. Ukichomoa waya kikiwa katikati ya reli, au umeme ukikatika wakati inachapa, kinabaki wazi kwenye joto la Morogoro. Umeme ukirudi, iwashe uizime tena vizuri, hata kama duka unalifunga. Na wiki isipite bila kuchapa japo ukurasa mmoja wenye rangi zote.

Tuje kwenye 85A, ambayo ndiyo inayolisha duka.

Hapa hakuna wino. Tona ni unga wa plastiki wenye chembe ndogo mno. Dramu, ile silinda yenye rangi ya kijani au bluu, inapewa chaji ya umeme, mwanga wa leza unaifuta chaji kwenye sehemu za herufi, unga unashika hapo, unahamia kwenye karatasi, kisha karatasi inapita kwenye sehemu ya joto ambapo plastiki inayeyuka na kushikamana. Unga si wote unaohama. Unaobaki kwenye dramu unakwanguliwa na bledi ya mpira na kutupwa kwenye chumba cha uchafu ndani ya katriji ileile. Ukiielewa sentensi hiyo, umeelewa robo tatu ya matatizo ya tona za kujaza.

Chumba cha uchafu kilitengenezwa kwa maisha ya katriji moja, yaani kurasa 1,600 kwa 85A. Fundi anayetoboa tundu, akamimina unga, akaziba kwa gundi au selotepu, hakukigusa chumba hicho. Ukijaza mara ya pili na ya tatu kinafurika, uchafu unarudi kwenye dramu, na karatasi inapata ukungu wa kijivu. Ndio ugonjwa wako. Katriji inatakiwa ifunguliwe, pini zitolewe, nusu mbili ziachanishwe, uchafu umwagwe, bledi na rola zifutwe, ndipo unga mpya uingie. Ni kazi ya dakika ishirini kwa mwenye mkono mwepesi. Na ule unga wa uchafu usikubali urudishwe hata kwa bei ya nusu. Umechanganyika na vumbi la karatasi na utakwaruza dramu.

Hicho kidoa kinachojirudia kipime kwa rula. Chapa ukurasa, weka rula wima, pima kutoka kidoa hadi kidoa. Ikiwa karibu sentimita 7 na nusu, ndio mzunguko wa dramu yako: ina mchubuko mahali fulani, na kila ikizunguka inauchapa tena. Kwenye A4 utakiona mara tatu au nne. Umbali ukiwa mfupi zaidi, tatizo liko kwenye rola nyingine ya katriji, na hiyo nayo hubadilishwa. Mstari mweusi mwembamba kutoka juu hadi chini ya ukurasa kwa kawaida ni bledi iliyochoka au dramu iliyochimbika kuzunguka.

Dramu inauzwa peke yake, na usihangaike kutafuta iliyoandikwa 85A tu. Za 35A, 36A, 78A na 85A ni dramu moja, na katriji ya Canon 725 ni ndugu wa 85A wa tumbo moja. Mwambie fundi abadilishe dramu na bledi safari hii, kisha ujaze mara mbili kwa dramu hiyo, kisha ubadilishe tena. Ukipiga hesabu utakuta bado uko chini sana ya bei ya katriji mpya kila mara, na mitihani ya mwalimu haitoki kama imepigwa moshi. Kila kazi inapofanyika simama pale uone: dramu isikae kwenye jua wala chini ya taa kali, mwanga unaichosha. Ifunikwe kwa kitambaa cheusi.

Unga wenyewe nao una kabila. Kuna mafundi wenye mfuko mmoja mkubwa wanaojazia 12A, 85A, Canon na kila kinacholetwa. Kila mashine ina joto lake la kuyeyushia na chaji yake, na unga usioendana nayo huonekana hivi: chapa ukurasa, usubiri upoe, sugua maandishi kwa kidole gumba. Yakitoka kama masizi, unga haukuyeyuka sawasawa, na uliobaki unajibandika kwenye rola ya joto. Hapo unaharibu mashine, si katriji. Nunua chupa iliyoandikwa modeli yako, uipeleke kwa fundi mwenyewe.

Chipu ya 85A hesabu yake haikuzuii. Mashine italia kwamba tona ni ndogo na itaendelea kuchapa, kwa hiyo usilipie chipu mpya. 12A ya zamani haina chipu kabisa, na ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda hadi leo. Ukitaka kuongeza mashine, kwepa zile zinazotumia tona ya 106A kama bajeti yako inategemea kujaza: chipu yake ikifika mwisho wa hesabu mashine inakataa mpaka uibadilishe.

Kama utajaza mwenyewe, fanya nje, vaa barakoa, tandaza gazeti. Ukimwagikiwa, tumia kitambaa chenye maji baridi. Ya moto yanayeyusha plastiki na kuibandika. Usinyonye kwa mashine ya kawaida ya kufagilia, unga unapita kwenye chujio na kurudi hewani. Na katriji mbovu usiichome takatakani. Unga laini wa plastiki ukitimka kwenye moto hulipuka.

Kuhusu waranti sitakuchosha, maana P1102 yako ilikuwa imeshatumika na waranti yake imekwenda zamani. Ila ukinunua mpya: maandishi ya waranti ya HP yenyewe yanasema kutumia katriji iliyojazwa au ya kiwanda kingine hakufuti waranti, isipokuwa ikithibitika kwamba ndiyo iliyosababisha uharibifu, hapo utalipia matengenezo. Muuzaji akikuambia tofauti, muombe akuonyeshe ilipoandikwa. Na kujaza si wizi. Marekani, kampuni ya printa ya Lexmark waliuza katriji za bei ya chini kwa sharti zisijazwe, kampuni ndogo iitwayo Impression Products ikawa inanunua tupu, inazijaza na kuziuza. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na tarehe 30 Mei 2017 ikaamuliwa kwamba mwenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, akishauza bidhaa, haki yake ya hataza juu ya bidhaa ile imekwisha, hata kama iliuzwa nje ya nchi. Hukumu hiyo haiifungi mahakama yetu yoyote, lakini inakuonyesha kwamba wakubwa wenyewe walijaribu kuuzuia ujazaji kwa hataza wakashindwa.

Pesa sasa. Kazi za maandishi matupu, CV zikiwemo, zihamishie zote kwenye leza. Tona hailoweki na gharama ya ukurasa ni ndogo kuliko ya 652 kwa hali yoyote. Kazi za rangi zikiwa nyingi, anza kuweka akiba ya printa ya matangi. Epson walizianzisha Indonesia Oktoba 2010, baada ya kuona watu kule wanatoboa printa na kuingiza mipira ya wino kutoka kwenye chupa za nje. Wakaona bora wauze mashine yenye matangi yake kuliko kushindana na mafundi. Chupa nyeusi ya 103, inayotumika kwenye L3210 na L3250, ina mililita 65 na inahesabiwa kurasa 4,500. Linganisha na zile 360 za 652: chupa moja ni sawa na katriji kumi na mbili na nusu. Kichwa chake hakitumii joto, kinasukuma wino kwa fuwele zinazopinda zikipewa umeme, na kiko kwenye mashine, si kwenye katriji. Maana yake ni kwamba kikiharibika umeharibikiwa na mashine, kwa hiyo huko usiweke wino wa kubahatisha. Pia nyeusi yake ni ya kuyeyuka. Picha na mabango sawa, barua za maombi hapana.

Mashine hizo zina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Wino wa kusafishia kichwa unaingia kwenye pedi chini ya mashine, na mashine inahesabu. Siku hesabu ikijaa, taa zinawaka kwa kupokezana na inakataa kuchapa. Fundi atakuja na kompyuta, afute hesabu kwa dakika mbili, achukue pesa. Mwambie abadilishe au aoshe na pedi, la sivyo baada ya muda utakuta wino umevuja juu ya meza, chini ya karatasi za wateja.

Nimebakiwa na yule kijana wa katriji tupu. Ukienda dukani utauziwa mojawapo ya vitu vinne: katriji ya kiwanda chenyewe, katriji ya kiwanda iliyojazwa upya, katriji mpya ya kiwanda kingine yenye jina lake mwenyewe, na feki. Tatu za mwanzo ni biashara halali mradi muuzaji aseme ni ipi. Ya nne ni mara nyingi ile ya pili iliyovalishwa boksi la ya kwanza. Boksi wanalipata kwa watu kama wewe. Kuvalisha bidhaa alama isiyo yake kunakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Katriji hiyo hiyo tupu inaweza kukurudia mwaka kesho kwa bei ya mpya, ikiwa na kichwa ulichokiunguza wewe mwenyewe.

Muuzie katriji, ila kwanza ondoa zile ambazo bado unaweza kuzijaza, maana anakupa bei ya takataka kwa kitu chenye maisha matatu mbele yake. Maboksi yachane vipande, na ile stika ya usalama ya HP inayobadilika rangi ukiigeuza ikwangue au uikate katikati. Akisema bila boksi hanunui, umeshajua anakopeleka.